Mwezi Haupatwi kwa Damu ya Mtu

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, Mfungo Sita ulipokuwa katikati, mwezi ulipatwa wote. Kuanzia saa mbili na nusu mpaka karibu na saa nne uso wake ulikuwa mwekundu mfano wa shaba iliyotoka motoni. Misikitini watu waliitana kusali sala ya khusufi, na wengine walitoka nje kutazama. Pale barazani nilipokuwa nimekaa mimi, kijana mmoja, mtu wa skuli na mtunzi hodari, alisema kwa sauti iliyokuwa nusu mzaha na nusu kweli kwamba bila shaka yuko mwanamke aliyemo mwezini ambaye ametoka usiku huo kwenda kuwanga. Tukacheka. Mzee mmoja akalidaka neno, akatutajia mtaa.

Siku chache baadaye kijana yule aliniletea shairi lake nilipitie kabla hajalituma katika kurasa hizi. Beti kumi na mbili, vina havina ila, mizani imetimia. Maudhui yake ndiyo hayo ya barazani: mwezi umepatwa, umeingia hedhini kama mwanamke, na aliyeuingiza ni mchawi wa kike aliyeuonesha damu yake. Nikamrejeshea karatasi bila ya kutia alama hata moja. Nikaambiwa na wakubwa zangu kuwa nimemvunja moyo mtoto wa watu, na kwamba ninazidharau mila zetu. Makala haya ni jawabu yangu kwake, na kwa wakubwa hao pia.

Kwanza tuweke mambo mahali pake, maana watu wamechanganya vitu vitatu ndani ya chungu kimoja. Hadithi ya kupatwa kwa mwezi tuliyoikuta sisi utotoni haikuwa na mwanamke ndani yake. Tuliambiwa kwamba chatu ameumeza mwezi, tukatoka na masufuria, makopo na vijiko, tukapiga kelele mpaka chatu akautapika. Ilikuwa furaha ya watoto, na hakuna jirani aliyelala na hofu kwa sababu yake. Hadithi ya pili ni ya hedhi: mwanamwari hufunzwa na somo wake akifiche kitambaa chake, asije mwenye husuda akakitwaa na kumfunga kizazi. Ya tatu ni ya wanga, watu wa usiku. Kila moja ilikuwa na mlango wake. Aliyezikusanya zote tatu akampachika mwanamke mmoja mwenye jina na nyumba, huyo hakurithi mila. Ametunga, na tungo lake lina mwathirika.

Wanaotetea ufungamano huu huanzia na lugha. Husema: Mswahili mwenyewe hakuita bure. Mwezi ni ule wa mbinguni, mwezi ni siku zile ishirini na tisa au thelathini, na mwanamke akipata siku zake huambiwa yumo mwezini. Basi neno moja, kitu kimoja. Mimi ni mtu niliyeishi kwa maneno. Sikukaa chuo kikuu chochote, nilijifunza kwa kamusi na kwa kusumbua watu, na jambo moja nililolijua mapema ni kwamba neno haliwi shahidi wa kitu. Meza ina miguu, wala haijapata kwenda sokoni. Chupa ina shingo na mdomo, lakini hakuna aliyeisikia ikitoa salamu. Wazee wetu walihesabu siku kwa mwezi kwa sababu ndio saa iliyotundikwa juu ya kila paa, na mwanamke akahesabu siku zake kwa saa hiyo hiyo. Mwenye kuitazama saa ajue wakati wa kula hakusema kwamba saa ndiyo iliyompa njaa.

Na kama mtu anataka ushahidi ulio mzito kuliko wa kamusi, autazame mlango wa eda. Mwanamke aliyeachwa na anayepata hedhi huhesabu kwa hedhi na tohara zake, mara tatu. Aliyekwisha kukatikiwa na hedhi huhesabu miezi mitatu. Hesabu mbili, za watu wawili tafauti, ndani ya sharia moja. Lau hedhi na mwezi vingekuwa kitu kimoja, kulikuwa na haja gani ya kuvitenga? Waliotenga walijua kwamba mwanamke mmoja huzunguka kwa siku 24 na mwenzake kwa siku 33, na wote wawili wazima.

Hoja ya pili ni ya mabaharia, nayo ninaiheshimu kwa sababu ina harufu ya elimu. Husema: mwezi unaivuta bahari yote, huleta bamvua na maji mafu; utashindwaje kuivuta damu ya mtu? Nami nasema, twendeni pwani tukaulize. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja baina ya nyakati hizo. Mvuvi wa Nungwi na mvuvi wa Lamu hawana bamvua mbili. Hakuna ufuko ambao bamvua yake ya kila mwezi huja mwezi kumi kwa sababu ndiyo tabia yake. Lakini ingia katika nyumba moja yenye wanawake wanne, mama, mabinti wawili na wifi, uone kama siku zao zitakubaliana, sembuse mji mzima. Kitu kinachovutwa na mwezi hutii mwezi. Bahari inatii. Hedhi haitii, kwa sababu inaye bwana mwingine: homoni zinazotoka katika tezi chini ya ubongo na katika vifuko vya mayai, zinazouandaa uzazi upokee mimba, na mimba isipotunga, lile tandiko lililoandaliwa hubomoka likatoka. Hiyo ndiyo hedhi yote. Ni nyumba iliyosafishwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuja.

Sitaki kushinda kwa kuficha. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, uliozipima hedhi zaidi ya 600,000, ulipata kuwa wastani wa mzunguko ni siku 29.3, na mwezi wa mbinguni tangu kuandama hata kuandama tena ni siku 29 na nusu na kidogo. Idadi hizo zinakaribiana. Mwaka 2021 watafiti waliosoma kumbukumbu za miaka mingi za wanawake 22 walisema kwamba kwa baadhi yao hedhi ilifuatana na mwezi kwa kipindi, kisha ikaachana nao. Sawa, na wachunguze zaidi. Lakini saa mbili ukutani zikienda kwa mwendo mmoja si dalili kwamba moja inaiendesha ya pili. Ng'ombe hurudi kutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, kondoo baada ya siku 17, na mwezi ulio juu yao ni huu huu ulio juu yetu. Tena, hata tukikubali kwamba mwezi una neno na damu, itakuwa mwezi ndio unaomgusa mwanamke. Kutoka hapo mpaka kusema mwanamke ndiye anayeugusa mwezi, akauzima, ni safari ya kupanda ngazi isiyo na vidato.

Tufanye hesabu ndogo, ya barazani tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Toa wanaume, toa watoto, toa waliokatikiwa, toa wenye mimba na wanyonyeshao. Waliobaki, kila mmoja huwa hedhini siku nne au tano au sita katika kila mwezi. Hesabu kwa upole uwezavyo, utaona kwamba usiku wowote ule, wa kupatwa na wa kutopatwa, wanawake maelfu kwa maelfu wamo mwezini katika visiwa hivi peke yake. Kama damu ya mmoja ingetosha kuuzima mwezi, tusingeuona mbalamwezi tangu siku ya Hawa. Mwezi hupatwa mara chache kwa sababu njia yake imeinama kiasi cha nyuzi tano kuliko njia ya dunia, kwa hivyo miezi mingi ukiwa mpevu hupita juu au chini ya kivuli chetu. Pale unapopita ndani, hupatwa. Na wekundu ule ni mwanga wa jua uliopindishwa na hewa ya dunia, wekundu wa kila alfajiri na kila magharibi vikiwa vimekusanywa pamoja na kutupwa usoni mwake. Ni machweo yetu wenyewe tunayoyaona kule juu, nasi tunayaita damu ya mtu.

Wakubwa zangu wamesema ninadharau mila zetu. Ni mila za nani? Katika kazi yangu ya kufasiri nilikumbana na kitabu cha Mrumi aitwaye Pliny, yule aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Ameandika kwamba damu ya hedhi huchachua mvinyo, hukausha mazao, hutia ukungu vioo na huua nyuki; na kwamba hedhi hiyo ikiangukiana na kupatwa kwa mwezi au jua, madhara yake hayana dawa. Niliposoma hapo nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa mzee wetu wa barazani alikuwa akisema maneno ya Roma naye akidhani anasema ya nyanya yake. Lakini ajabu iliyonifunga ulimi ni nyingine. Mtu huyo huyo, katika kitabu cha pili cha kazi hiyo hiyo, ameeleza barabara kwamba mwezi hupatwa kwa kivuli cha dunia, akawasifu waliogundua hilo kwa kuwa wamewatoa watu katika hofu, na akawasikitikia wajinga waliodhani ni uchawi wakagonga vyombo kuusaidia mwezi. Alijua! Kisha alipofika katika kitabu cha ishirini na nane, na mbele yake akasimama mwanamke, elimu yake yote ikakimbia.

Nami nasema huo ndio ugonjwa wenyewe, na hautibiwi kwa somo la falaki peke yake. Kijana wetu anajua kivuli cha dunia. Amefanyiwa mtihani juu yake, akapasi. Kinachomshinda si mwezi. Wagiriki nao walikuwa na habari zao za wanawake wa Thessaly walioushusha mwezi kwa uchawi. Plutarch anasimulia juu ya mmoja, Aglaonice, aliyekuwa akijua hesabu za kupatwa kwa mwezi, akawaaminisha wenzake kuwa yeye ndiye anayeushusha. Tazameni basi: mwanamume akijua siku ya kupatwa huitwa mnajimu, mwanamke akiijua huingizwa katika daftari la wachawi.

Wapo watakaoniambia kwamba dini nayo imemtenga mwenye hedhi. Imemwondolea sala na saumu, na imemkataza mumewe kumwingilia, basi. Ama kumkimbia, kukataa chakula kilichoguswa na mkono wake, kumwona najisi wa ukoo mzima, hayo Mtume (S.A.W.) aliyavunja kwa vitendo. Alimwagiza Bibi Aisha ampe mkeka, naye aliposema yumo hedhini akamfahamisha kwamba hedhi yake haimo mkononi mwake. Aliegemea mapajani pake akisoma Kurani naye yumo katika siku zake. Na juu ya kupatwa, hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka wa 10 Hijiria alifariki mwanawe, Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Wenye hesabu wanatuambia ilikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Tazama fursa iliyoje kwa mtu mwenye kutaka kujitukuza! Naye akasimama, mfiwa, akawakataza: jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa jua halikupatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume, mwezi utapatwa kwa hedhi ya muuza vitumbua?

Nimesema muuza vitumbua, wala sikusema kwa mfano. Mwezi ulipatwa tena kwetu usiku wa tarehe 16 Septemba 1997, nami nilikuwa kijana mwenye kiburi cha vina. Nilitunga beti tisa. Sikumtaja mtu, maana nilikuwa fundi wa mafumbo. Nilitaja mwanamke akaaye peke yake, mwenye taa isiyozimwa usiku, aliyeukaribia mwezi na damu yake. Kila mtu mtaani kwetu alijua ni mjane gani aliyekuwa akiamka usiku wa manane kuwasha moto wa vitumbua. Shairi lilisomwa harusini, likarudiwa, watu wakanitunza. Mwezi haukuisha akaugua homa mtoto wa nyumba ya pili. Vitumbua vikaanza kulala. Watoto wakafunzwa wasipite mlangoni pake. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, hata maamkizi yalibaki pale pale: shikamoo bibi, marahaba. Ila hapakuwa na mnunuzi. Kabla ya mwaka kwisha alifunga virago akaenda shamba kwa kaka yake, na huko ndiko alikofia. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi nimetunga tu.

Waliojiambia hivyo ni wengi, na si kila mahali mambo huishia kwa vitumbua kulala. Usukumani vikongwe wameuawa kwa ajili ya wekundu wa macho uliotokana na moshi wa kuni wa maisha yao yote. Kilifi wazee wameuawa kwa mvi zao, na mara nyingi nyuma ya mvi hizo kulikuwa na shamba lililotamaniwa na kijana wa nyumbani. Na hapa Unguja, mwaka 1995, katika ile hofu ya popobawa, umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili ambaye kosa lake lilikuwa kuonekana mgeni usiku. Hakuna hata mmoja katika hao aliyeuawa na chatu wa mbinguni. Waliuawa na maneno kwanza, mapanga na magongo yakafuata.

Na wako wanaodhurika bila ya kutajwa na mtu. Binti anayeogopa kitambaa chake kisionekane na mchawi hakianiki juani. Hukificha chini ya godoro, kinakauka nusu, naye hukivaa hivyo hivyo na unyevu wake, na fangasi na maradhi mengine hupenda unyevu. Jua ni dawa isiyouzwa, nasi tumemnyima kwa hadithi. Kisha akikosa skuli siku nne kwa aibu, tunasema watoto wa kike hawapendi kusoma.

Sasa nakuja kwako, mwanangu, uliyeniletea beti kumi na mbili. Umenijibu kwamba mshairi ana uhuru wake. Naam, anao, na vitabu vya ushairi vimeutaja: ana inkisari, ana mazida, ana tabdila, ana ruhusa ya kuiboronga sarufi akibanwa na mizani. Nimesoma milango yote hiyo. Sikuona mlango unaompa ruhusa ya kumzulia mtu. Umesema pia kwamba ni sitiari tu. Sitiari huwa tu kwa msikilizaji anayejua kuwa ni sitiari. Kwa yule anayemwogopa jirani yake, shairi lako ni ushahidi, tena ushahidi wenye vina, unaohifadhika upesi na usiosahaulika. Hiyo ndiyo nguvu ya fani yetu tunayojisifia kila siku. Hatuwezi kuidai nguvu siku ya kutunzwa na kuikana siku ya hatia.

Wala sikwambii uuache mwezi. Hadithi ya chatu ipo, ni nzuri, irudishe na makopo yake. Mbalamwezi ipo. Bamvua ipo, na jahazi linaloisubiri. Hata hedhi itunge, ukiweza kuitunga kwa heshima, kwa kuwa sote tulitoka katika nyumba ile iliyosafishwa kwa ajili ya mgeni. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kamili. Luxor itakuwa gizani mchana kwa zaidi ya dakika sita, na Makka itaingia katika kivuli hicho. Siku yake na dakika yake zimejulikana zamani, kabla hajazaliwa mwanamke yeyote atakayekuwa hedhini siku hiyo. Tunga juu ya hilo: mwanadamu mdogo aliyepewa akili ya kujua miadi ya jua. Ukishindwa kuona ushairi ndani yake, basi kasoro haimo katika elimu.

Wahariri wa kurasa hizi nao nawaomba jambo moja. Wanapolipima shairi, baada ya kuhesabu mizani, wajiulize ni nani atakayekosa wanunuzi kesho yake. Swali hilo mimi sikuulizwa na mtu mwaka 1997, wala sikujiuliza. Namalizia kwa ubeti mmoja, mahali pa zile tisa ambazo natamani zisahaulike:

Mwezi ukipata giza, si damu ya mwanamke,
Dunia imetandaza, usoni kivuli chake,
Mwoga hofu huikuza, akamsaka mwenzake,
Malenga ukinyamaza, kalamu na ivunjike.